Marehemu wa Kila Jumapili

Mama yangu anaishi Wamaza, mimi niko Kasongo. Katikati kuna barabara ambayo pikipiki huipita kwa kuibembeleza, na kila ninayesikia anaelekea upande ule nampa kitu cha kumpelekea: sabuni, chumvi, pengine kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga. Siku moja mzigo ulirudi. Mfanyabiashara wa mafuta ya mawese niliyempa aliuweka mlangoni kwangu, bado umefungwa kwa kamba yangu ileile, kisha akarudi nyuma kidogo, kama mtu aliyeonywa asinikaribie.

"Mama amekataa," alisema. "Anasema yeye hapokei vitu vya mutu mwenye wanamulilia kila Jumapili, siku ya Mungu."

"Hukumwambia kwamba ni mchezo?"

"Nilimwambia, Papa. Akauliza: wanatoka machozi, ao hawatoke? Nikasema wanatoka. Akasema, basi."

Machozi yalikuwa yakitoka kweli. Niliyasikia mwenyewe, nikiwa nimelala chini ya kikwembe.

Inafaa nieleze nilivyofika chini ya kikwembe hicho. Hapa mjini yuko mama mmoja, mwalimu wa kwaya, mwenye sauti ambayo hata mbuzi huitii. Alikuwa amechoka na michezo ya Noeli na ile ya kufundisha wachumba, akaamua kutunga mchezo wa nyimbo wa namna yake. Hauna jukwaa, hauna pazia, hauna mwanzo. Watu wakifika wanakuta mtu amekwisha kufa. Amelazwa kwenye mkeka katikati ya uwanja wa shule, na wote waliokuja kutazama ndio waombolezaji. Wanaokaa kushoto ni ukoo wa mama yake, wanaokaa kulia ni ukoo wa baba. Hakuna anayesema neno. Kila kitu kinaimbwa, hata wapishi wanapoombana chumvi. Mchezo unaitwa *Nani Alimwambia Afe?*

Alipokuwa anatafuta maiti alinijia kwenye chuo ninakofundisha.

"Papa, unajua kuimba?"

"Hapana, Mama Mwalimu."

"Kucheza ngoma?"

"Hata kidogo."

"Kunyamaza mbele ya watu?"

"Mimi ni mwalimu. Sijawahi kujaribu."

"Utajaribu," akasema, akinizunguka kama anayechagua kuku. "Sura yako inafaa. Mutu akikuangalia, anaona kama kuna kitu kimekwisha."

Nilikubali, na sikukubali kwa unyenyekevu. Alikuwa ameniahidi mstari mmoja. Mwishoni kabisa, kabla ya kubebwa kwenda kuzikwa, marehemu anaketi, anaimba, "Niacheni kidogo, bado ninawasikia," kisha analala tena na wanamchukua. Mstari mmoja katika mchezo mzima! Nilidhani huo ndio utakaokumbukwa. Niliufanyia mazoezi bafuni hadi mke wangu akasema unapendeza zaidi ukisikika kutoka kwa jirani.

Sasa, msomaji wa huku kwetu anajua kwamba maiti haizikwi kabla wajomba hawajakubali. Wanafika, wanaketi, wanauliza. Mtoto wetu alikuwa anaumwa nini? Nani alimtibu? Mbona mlikawia kutuarifu? Wasiporidhika, mwili unakaa pale pale, na waliochimba kaburi wanakaa pembeni na makoleo yao. Katika mchezo, wajomba walikuwa waimbaji wanne wa kwaya. Waliuliza maswali matatu kwa wimbo, ukoo wa baba ukajibu, wakaridhika, nikapata mstari wangu, nikazikwa, watu wakaenda nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa mara ya kwanza.

Mara ya pili, mtu mmoja katika watazamaji wa kushoto, mwendesha pikipiki ya abiria mwenye kifua kipana, hakuridhika. Wale wanne walipokwisha kuimba kwamba wamekubali, yeye alisimama akaimba swali la nne: suruali za marehemu, kwa nini zilikuwa fupi? Uwanja uliangua kicheko, kwa sababu suruali zangu ni fupi kweli, na yeye alikuwa amenibeba mara nyingi akiziona. Ukoo wa baba ukakosa jibu. Ukaanza kutunga papo hapo. Mwalimu wa kwaya alipiga makofi ya kuwanyamazisha, wao wakadhani anawapigia mdundo.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia. Upande wote wa kushoto ukageuka kuwa wajomba. Walishona mashati ya kikwembe kimoja, wakaja na mabenchi kutoka nyumbani, na yule mwendesha pikipiki wakamfanya prezida wao. Katikati ya juma walikutana sokoni kutunga maswali mapya. Wanawake wa kulia nao walikutana kisimani kutunga majibu. Wengine walikuja kwa baiskeli kutoka Nyangwe wakiwa wamejifunza viitikio njiani. Mashabiki wengine, nasikia, hupenda kumwona mtu akifunga bao. Hawa wa kwetu walikuja kuona kama safari hii nitazikwa.

Mara nyingi sikuzikwa. Jua lilishuka, mlinzi wa shule akaanza kutikisa funguo zake, nami bado chini ya kikwembe nikiuma mstari wangu mdomoni. Maswali yalikuwa yamemwacha marehemu wa mwalimu wa kwaya na kuniingia mimi. Alisoma vitabu gani hata akasahau kulima? Pale chuo kikuu, Kisangani, alikuwa anakula nini, mbona alirudi na kichwa kikubwa hivi? Kiitikio chao kilikuwa, "Tupeni jibu, tupeni jibu, tusimzike bado." Nililijua jibu la kila swali. Nilikuwa mtu pekee uwanjani asiyeruhusiwa kujibu.

Mjini nilikuwa nimeisha. Jina langu halikutumika tena. "Marehemu, unapanda?" waliniuliza waendesha pikipiki. "Marehemu, habari za huko?" aliniuliza muuza sombe, yale majani ya mihogo, na alinichagulia fungu dogo akisema wafu hawali sana. Nikiingia darasani wanafunzi walisimama na kuvuma kiitikio midomo ikiwa imefungwa, ili nisijue nimwadhibu nani. Nilienda kwenye msiba wa kweli wa jirani. Nilipokaribia turubai, wafiwa wawili walinitazama wakaziba midomo kwa vitambaa, mabega yakitetemeka. Mzee mmoja akanishika mkono kwa heshima, akanisindikiza hadi barabarani.

Haya yote ningeyavumilia. Kuna mambo mengi niliyoyavumilia kwa sababu yalinifanya nijulikane. Lakini mzigo uliorudi kutoka Wamaza ulikuwa jambo lingine. Mama yangu ni mkristo wa kanisa la kila asubuhi, na haogopi wachawi, lakini alikuwa ameamua: mtoto wake akililiwa, ama amekufa ama anaitwa na wafu. Na akiwa katika hali hiyo, mama hali kitu kitokacho mkononi mwake. Nilituma mzigo wa pili. Ukarudi. Nilituma ujumbe kwamba nitaenda kumsalimu. Alijibu kwamba mlango uko wazi kwa wazima.

Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya kujiuzulu.

"Mama yako iko na haki," alisema baada ya kunisikiliza. "Tutatafuta maiti mwingine."

Alimpata. Alikuwa karani kijana, mwembamba, anayejua kulala bila kupumua waziwazi, na mwenye sauti ya kunifanya nione haya kwa ajili ya mstari wangu. Jumapili ile nilikaa kulia, nyuma, nikiwa nimevaa kofia. Mwalimu alianza wimbo wa kwanza. Upande wa kushoto haukuitika. Prezida alisimama, akaenda kwenye mkeka, akainua ncha ya kikwembe, akachungulia, akaishusha.

"Huyu hatumujue," aliimba.

"Hatumujue!" waliitikia mamia.

"Mutoto wetu iko wapi?"

Nilizama ndani ya kofia. Mwanamke aliyekaa kando yangu, ambaye hadi hapo alikuwa akinigawia karanga, alinigeukia. "Si huyu hapa?" alisema kwa sauti ya kumsaidia mtu. Walinibeba juu juu. Karani aliondoka kwenye mkeka haraka kuliko maiti yoyote niliyopata kuona, nami nikalazwa palepale palipokuwa bado na joto lake.

Ilipokwisha nilimfuata prezida kwenye pikipiki yake, nikamweleza habari ya mama, nikitumaini huruma. Nilimwambia kwamba mama amekataa vitu vyangu mara mbili, kwamba ni mzee, kwamba simwoni. Alinisikiliza akiwa ameshika kifua. Huruma alikuwa nayo, tena nyingi. Hilo ndilo lililoniponza.

"Marehemu," alisema, "hii ni kosa yetu. Mama hajaona mchezo. Akiona, atapenda. Tutamupelekea."

"Msimpelekee."

"Tutamupelekea, usijali! Sisi ni wajomba!"

Nilikataa kwenda. Kisha nikawaza msafara wa mashati ya kikwembe ukiingia Wamaza bila mimi, ukiimba kwamba nimekufa. Nikapanda.

Tulitoka Kasongo asubuhi, pikipiki nyuma ya pikipiki, wapishi wamebeba sufuria za mchezo, mwalimu wa kwaya amekaa kwa upande akiwa amefunga macho. Kila penye tope tulishuka na kusukuma, na kila penye watu prezida alisimamisha msafara watangaze. "Munaenda wapi?" "Tunaenda kumulilia mutu kwao." "Pole sana. Mwili iko wapi?" "Huyu hapa," walisema wakinionyesha, na watu wa upande huo wa Kabambare, wenye adabu, walinipa pole mimi pia.

Wamaza tulijipanga kwenye uwanja wa shule. Mwalimu wa kwaya na prezida walienda kumwalika mama. Walirudi wakisema mlango ulikuwa umefungwa, na moshi unatoka jikoni. Mashabiki waliona hiyo ni aibu ya kawaida ya wazee. Wenyeji walikuwa wamekwisha kujaa, wengine na majembe begani. Nililala. Kikwembe kilishuka. Nikasikia wimbo wa kwanza ukipaa juu ya kijiji nilichozaliwa, mahali ambapo kila mtu aliyenijua mdogo angeweza kuusikia, na sauti za wanawake wa Wamaza zikaupokea bila kufundishwa. Walilia vizuri kuliko watu wa Kasongo. Nilikuwa na hakika kwamba jikoni kwa mama sasa hapatoki moshi.

Prezida alisimama kuuliza swali lake la kwanza. Hakulimaliza.

"Kaa," ilisema sauti isiyoimba.

Niliijua kabla sijainua ncha ya kikwembe. Alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama wa tumbo moja, mkulima mwenye fimbo na koti la mvua asilolivua hata wakati wa kiangazi. Hakukuwa na mtu kati yetu aliyefikiri juu yake. Tulikuwa tumepeleka mchezo wa wajomba mahali penye mjomba.

Mashabiki walipiga kelele za furaha. Walidhani mwalimu wa kwaya amewaandalia jambo jipya.

"Nyinyi ni wajomba?" aliwauliza.

"Ndiyo, Mzee!"

"Wajomba wa nani?"

"Wa marehemu!" Prezida alijaribu kuliimba.

"Usiniimbie. Mama ya huyu marehemu ni dada yangu. Kwenu nyinyi ni nani?"

Kelele zilipungua. Prezida alitazama nyuma kwa wenzake.

"Kila mjomba iko na dada yake," mjomba aliendelea. "Mutu mwenye hana dada, anaitwa mjomba namna gani? Ni mutu tu wa kupiga kelele kwa matanga ya wengine. Dada yenu iko wapi?"

"Mzee... bado hatujamuona. Mlango ilifungwa."

"Munakuja kulilia mutoto kwao, na mama yake hamujamupa hata jambo ya kumusalimia. Halafu munauliza maswali. Bon, basi. Mwende mukamutafute dada yenu, kama atawakubali."

Nilitupa kikwembe, nikaanza kuinuka. Fimbo ilitua kifuani.

"Wewe unaenda wapi?"

"Mjomba, hao watu wataenda kumtisha mama. Acha nitangulie."

"Umeona wapi maiti anaenda kujisemea?"

"Mimi ni mzima, Mjomba."

"Hiyo ndiyo tunaenda kuuliza. Lala."

Nina shahada. Nimewahi kusimama mbele ya maprofesa watatu nikatetea kurasa ambazo hakuna aliyezisoma tena, mimi mwenyewe nikiwamo. Nililala. Akanifunika vizuri, hadi vidole vya miguu, kisha nikasikia uwanja mzima ukiondoka, wajomba, wapishi, ukoo wa baba, wenyeji na majembe yao, wote wakielekea nyumbani kwa mama, nami nikabaki peke yangu juani.

Sijui nilikaa kiasi gani. Ndani ya kikwembe kila kitu kilikuwa chekundu. Kuku alikuja akadonoa mkeka karibu na sikio langu, na mbali, nyuma ya mashamba ya mihogo, nilisikia wimbo ukifika mahali, ukasimama. Kimya. Kisha sauti moja ya mwanamke, kali, maneno hayasikiki. Kimya tena, kirefu hata nikafikiri wamemfanyia mama yangu jambo. Nilitaka kuinuka. Nilihisi ile fimbo, ingawa haikuwapo. Halafu vikaja vicheko, na baada ya vicheko, jambo nisilolielewa: watu wengi wakipiga mbio kuteremka upande wa kijito.

Mwalimu wa kwaya alinisimulia baadaye. Mama alifungua mlango, akawapanga uani, akamtaka kila mmoja aseme ni mtoto wa nani na anatoka wapi. Aliwasikiliza hadi wa mwisho. Kisha akasema, kama wao ni wadogo zake, mihogo yake imelowa kijitoni na inakaribia kuharibika, hakuna wa kuitoa. Wakaenda wote. Waliibeba vichwani, mashati yao ya mchezo yakachuruzika maji yenye harufu ile ya mihogo iliyochacha, wakaianika pale alipowaonyesha. Ndipo akawauliza: "Nyinyi wajomba, munakubali mutoto wangu azikwe?"

Prezida alianza kumweleza kwamba mchezo unaishia na kuzika, na wimbo wa mwisho ni mzuri sana.

"Nimeuliza wajomba," alisema mama. "Sikuuliza mchezo."

Prezida alitazama mihogo, akatazama wenzake. "Hatukubali, Yaya," alisema, akimwita kama dada yake mkubwa.

"Leo tu, ao siku zote?"

"Siku zote, Yaya."

Mimi nilichoona ni nyayo zake kando ya mkeka, zimepasuka kisigino kama zamani. Kikwembe kiliondolewa. Mama alikuwa amesimama juu yangu, na nyuma yake umati umelowa.

"Amuka," alisema.

Niliketi. Na hapa mwili ulinisaliti: nilikuwa nimefanya mazoezi mno. Mtu akiniketisha kwenye mkeka ule, mdomo unajua kazi yake. Nikafungua koo, mbele ya mama yangu, nikaimba, "Niacheni ki—"

"Nyamaza. Twende ukule."

Sijawahi kusikia uwanja ukishangilia vile. Walitupa kofia juu, mwanamke mmoja akalala chini akigaagaa kwa kicheko, na hata mjomba alicheka ndani ya koti lake. Ulikuwa ndio mchezo bora walioutazama maishani, walisema njia nzima ya kurudi, na sehemu bora kuliko zote ilikuwa pale mama aliponinyamazisha.

Nilikula kwake. Alinitazama nikimeza, tonge kwa tonge, kisha akanyoosha mkono akachukua kipande cha samaki kwenye sahani yangu, nilichokuwa nimekwisha kukishika, akakila. Nilijifanya nimepaliwa na pilipili.

Lakini alitoa sheria. Watu wanaweza kunilaza wakipenda, ila wajomba watakataa kunizika, kila mara, hadi mwisho. Na nikiwa nimelala, siinuki mwenyewe. Mmoja wa wadogo zake lazima anishike bega aniinue, la sivyo ni mimi nimejiinua kutoka kwenye matanga, na yeye hataki kusikia. Mwalimu wa kwaya alilia njiani kwa ajili ya wimbo wake wa mwisho, ambao hautaimbwa tena. "Mama yako amekata mchezo yangu kichwa," aliniambia. Mstari wangu ulikuwa ndani ya kichwa hicho.

Nilidhani sasa ninaweza kuacha. Mama amepokea chakula mkononi mwangu, kuna haja gani? Nikamtumia ujumbe kwamba nitapumzika. Jibu lilikuja haraka kuliko yote aliyowahi kuniletea. Wadogo zake humpitia kila wakiwa na abiria wa upande ule, humletea mafuta, wamemwezekea jiko, na prezida amemwonyesha mchumba wake ampime. Nikiacha kulala, watakuwa wajomba wa nani? Nisimwaibishe mbele ya ndugu zake.

Kwa hiyo ninalala. Mchezo hauna mwisho tena, na mashabiki wameongezeka, maana sasa hakuna anayeogopa kufika na kukuta wamekwisha kuzika. Jumapili iliyopita mvua ilianza katikati ya swali juu ya nywele zangu. Wote walikimbilia baraza la shule, kushoto na kulia wakachanganyika, na huko, chini ya mabati, wimbo ulinoga kuliko uwanjani. Walikuwa wakikataa kunizika kwa nguvu zao zote. Mimi nilibaki mkekani, kikwembe kimenigandama usoni. Nilipiga kelele kidogo, nikamwita prezida kwa jina lake. Mabati yalikuwa yananguruma, na nadhani wale walionisikia walidhani ni sehemu ya mchezo, kwa sababu waliitikia. Maji yalikuwa yamefika nyuma ya shingo. Nikageuza kichwa upande, ili yasiingie puani, nikasubiri mtu akumbuke bega langu.